Nani Anabeba Chakula cha Wenye Njaa?
Haki na amani katika kukodi ndege za misaada
(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Shirimatunda, Moshi)



 Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa kulitazama mara moja laonekana kuwa mbali nasi. Ni jambo la ndege zinazobeba misaada ya dharura: ni nani anayezikodi, kwa mkataba wa namna gani, na ndege hizo hufanya kazi gani katika siku ambazo hazibebi misaada. Huenda mmoja wenu anajiuliza moyoni: sisi wenye kahawa na migomba, sisi wenye vibanda vya biashara pale mjini, tunahusika vipi na kukodi ndege?

Tunahusika kwa sababu tunachanga. Panapotokea vita, mafuriko au njaa, bahasha hupita katika jumuiya zetu, na kila mwaka Kwaresima ina mchango wake. Fedha hiyo huungana na nyingine kutoka majimbo na nchi nyingi, na mahali fulani njiani sehemu yake hugeuka kuwa mafuta ya ndege. Mama anayetuma ndizi Dar es Salaam huandika namba ya lori, humwuliza dereva jina lake, na humpigia simu mwenzake wa sokoni kumwambia mzigo umepakiwa na nani. Hakuna anayemwona kuwa mtu wa mashaka mengi kwa kufanya hivyo. Basi kwa nini tunapotuma mzigo wa sadaka tunanyamaza kimya, kana kwamba kuuliza ni dhambi?

Ndege ni njia ya mwisho

Sisi wa Kilimanjaro tuna uhusiano wa zamani na ndege za huruma. Mwaka 1956, chini ya mlima wetu huu, madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walikaa pamoja wakapanga jinsi ya kuwafikishia tiba watu wa sehemu zisizo na barabara. Mwaka uliofuata likazaliwa shirika tunaloliita leo AMREF, pamoja na huduma yake ya madaktari wa ndege. Ndege ndogo yenye daktari mmoja na sanduku la dawa ni kitu chenye maana kubwa, kwa kuwa dawa ni nyepesi na mgonjwa hawezi kusubiri.

Chakula ni jambo jingine, kwa sababu chakula ni kizito. Mashirika ya misaada hukadiria kwamba mtu mmoja ahitaji kalori zipatazo 2,100 kwa siku, yaani kama nusu kilo ya nafaka, maharage na mafuta ya kupikia. Sasa kumbukeni siku zile za tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ambapo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara katika muda wa saa ishirini na nne hivi. Watu hao peke yao walihitaji tani 125 za chakula kila siku. Ndege ya aina ya Hercules, ambayo wengi wenu mmeiona katika picha ikifungua mlango wake wa nyuma, hubeba kama tani 20. Zingehitajika safari saba kila siku ya Mungu, pamoja na Jumapili. Ilyushin 76 ya Kirusi hubeba kama tani 40. Zingehitajika safari nne, au tatu zilizoshehenezwa kupita kiasi. Malori ya trela ya tani 30 yangehitajika matano tu.

Hesabu ya mafuta ndiyo inayotia uchungu zaidi. Ilyushin hiyo hutumia takriban tani nane za mafuta kwa kila saa ya kuruka. Ikienda saa mbili na kurudi saa mbili, imechoma tani zipatazo 32 za mafuta ili kufikisha tani 40 za unga. Karibu kila gunia la unga limelipiwa gunia la mafuta! Kwa sababu hiyo chakula cha Ngara kilisafirishwa zaidi kwa reli na barabara, hasa kupitia Isaka, ambako mabehewa yalipakuliwa na malori yakapokea. Watu wa reli na madereva wale hawakupigwa picha nyingi. Lakini kama mtu angetaka kujua ni nani aliyewalisha wakimbizi wa Benaco, ingempasa aanzie kwao.

Hivyo basi, neno la kwanza la haki katika jambo hili ni kwamba anayekodi ndege wakati barabara au reli inapitika anawapunguzia wenye njaa chakula chao. Zipo hali ambazo ndege haina mbadala. Mwaka 1992, bandari na barabara za Somalia zilipokuwa mikononi mwa watu wenye bunduki, ndege zilianza mwezi Agosti kupeleka chakula zikitokea Mombasa. Sudan Kusini wakati wa mvua sehemu nyingi hazipitiki kwa lori. Katika hali kama hizo hakuna wa kulaumu gharama. Lakini hata hapo, swali la nani anabeba linabaki palepale.

Historia ya Makanisa wenyewe

Nisingependa mjifunze jambo hili kwa makosa ya watu wengine tu, kwa maana Makanisa nayo yamewahi kupita katika mtihani huu, na kumbukumbu yake haifai kufichwa.

Vita vya Biafra huko Nigeria vilianza mwaka 1967. Wazee hapa wanakumbuka kwamba tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania, chini ya Mwalimu Nyerere, ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra kuwa taifa. Biafra ilikuwa imezingirwa nchi kavu na baharini, na watoto walikuwa wanakufa kwa utapiamlo. Njia iliyobaki ilikuwa ya anga, nayo ilifanyika usiku, kutoka kisiwa cha São Tomé hadi kipande cha barabara kuu kilichopanuliwa mahali paitwapo Uli. Taa za pembeni ziliwashwa kwa dakika chache tu ndege ikiwa karibu kugusa ardhi, kisha zikazimwa, kwa kuwa ndege ya kivita ilikuwa ikizunguka juu tayari kudondosha mabomu.

Hapo mwanzo Makanisa hayakuwa na ndege. Mtu aliyekuwa nazo na aliyekuwa anaijua njia ni Hank Wharton, Mmarekani aliyekuwa akiwapelekea Wabiafra silaha. Caritas na Baraza la Makanisa Ulimwenguni walinunua nafasi katika ndege zake. Tafakarini hali hiyo, ndugu zangu. Maziwa ya watoto na risasi vilikuwa vinategemea rubani mmoja, kiwanja kimoja na usiku uleule. Serikali ya Nigeria ikapata hoja ya kusema kwamba haiwezi kutofautisha ndege ya mkate na ndege ya bunduki ikiruka gizani, na kwa kweli hoja hiyo haikuwa rahisi kuijibu.

Kwa sifa yao, Makanisa hayakuridhika na hali hiyo. Wakatoliki na Waprotestanti waliungana wakapata ndege zao wenyewe na kuajiri marubani wao. Hadi vita vilipokwisha Januari 1970, muungano huo ulikuwa umefanya safari zaidi ya 5,000 na kupeleka tani zipatazo 60,000. Marubani na wahudumu kadhaa walipoteza maisha yao. Tarehe 5 Juni 1969 ndege ya Msalaba Mwekundu ilitunguliwa na jeshi la anga la Nigeria, na baada ya hapo shirika hilo likasimamisha safari zake, Makanisa yakaendelea.

Hata hivyo kutenganisha mizigo hakukumaliza tatizo. Kiwanja cha Uli kilibaki kimoja, na ndege za silaha ziliendelea kutua katikati ya ndege za chakula, zikijificha katika mfuatano wao. Aidha fedha za kigeni zilizolipwa na mashirika kwa gharama za ndani ya Biafra ziliisaidia serikali iliyokuwa inapigana. Wapo wachunguzi wanaosema kwamba msaada ule ulirefusha vita, na wapo wanaosema kwamba uliokoa maisha ya watoto wasiohesabika. Mimi naona yote mawili yaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na ndiyo maana jambo hili linataka watu wazima wa kulifikiri.

Goma

Turudi karibu na nyumbani. Katikati ya Julai 1994, katika muda wa siku chache, watu wanaokaribia milioni moja waliingia Goma, upande wa Kongo ambayo wakati huo iliitwa Zaire. Kipindupindu kikazuka, na katika mwezi wa kwanza watu wapatao 50,000 walikufa kwa ugonjwa huo na kwa magonjwa mengine ya namna hiyo. Dunia ikaamka. Uwanja wa ndege wa Goma, ambao haukuwa umejengwa kwa shughuli kama hiyo, ukapokea ndege za misaada mchana na usiku.

Lakini uwanja huo haukuwa umelala kabla ya Julai. Tarehe 17 Mei 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepiga marufuku kupeleka silaha Rwanda. Mwezi Mei 1995 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyoeleza jinsi silaha zilivyoendelea kupitia Goma na kuwafikia waliokuwa wakiua na waliokwisha kuua. Novemba 1996, nyaraka zilizookotwa karibu na kambi ya Mugunga zikaonyesha kwamba kampuni iitwayo Mil-Tec, iliyosajiliwa katika kisiwa cha Man, iliiuzia silaha serikali iliyoendesha mauaji ya kimbari kati ya Aprili na Julai 1994. Njia ya kurukia ndege iliyopokea bunduki ndiyo iliyopokea mahema na dawa za kusafisha maji.

Je, ndege nazo zilikuwa zilezile? Kwa Goma ya mwaka ule sitaki kutoa hukumu ya jumla. Ila kwa biashara yenyewe tunalo jibu. Mwezi Mei 2009 taasisi ya utafiti wa amani ya Stockholm, SIPRI, ilichapisha uchunguzi juu ya kampuni za ndege za mizigo zilizotajwa katika ripoti za usafirishaji haramu wa silaha. Ilionekana kwamba zaidi ya asilimia 90 ya kampuni hizo zilikuwa pia zimekodiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, na serikali za Ulaya na Marekani, au na mashirika makubwa ya hisani, ili kubeba misaada au walinda amani. Zaidi ya asilimia 90! Hizi hazikuwa kampuni chache zilizopotoka na kujipenyeza. Hiyo ndiyo iliyokuwa sura ya soko lenyewe.

Mfanyabiashara aliyejulikana kuliko wote, Mrusi Viktor Bout, aliendesha kundi la ndege za zamani za Kisovieti, kwa muda mrefu kutoka Sharjah katika Falme za Kiarabu. Jina lake lilijaa katika ripoti za Umoja wa Mataifa juu ya Angola, Sierra Leone na Liberia, na bado ndege zenye uhusiano naye zilikodiwa na wenye shughuli halali. Alikamatwa Bangkok Machi 2008, akahukumiwa New York mwaka 2012 kifungo cha miaka 25, na Desemba 2022 akaachiliwa kwa kubadilishana wafungwa kati ya Marekani na Urusi.

Watu hujiuliza jinsi jambo hilo linavyowezekana. Sababu yake ni nyepesi mno. Afisa wa misaada mjini Nairobi au Geneva ana siku tatu za kupata ndege. Anampigia dalali. Dalali anazo ndege za bei nafuu na marubani wasioogopa kutua kwenye vumbi, na marubani hao hawaogopi kwa sababu wamekwisha kutua hapo wakiwa na mizigo mingine. Haraka ya huruma na haraka ya vita hununua katika duka moja.

Herufi za mkiani

Nataka sasa tuingie ndani ya mkataba, kwa maana huko ndiko haki inakokaa au inakopotea.

Kila ndege ya kiraia ina uraia wake, na uraia huo umeandikwa ubavuni au mkiani kwa herufi na tarakimu. Ndege ya Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Y, ya Uganda 5X, ya Rwanda 9XR. Vijana wanaopenda kutazama ndege zikielekea KIA wanaweza kuyasoma hayo kwa macho yao. Nchi iliyoisajili ndiyo yenye wajibu wa kuhakikisha ndege ni salama. Sasa, katika miaka ya 1990 zilikuwapo nchi ambazo daftari lao la ndege liligeuka bidhaa. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliotoa ripoti Desemba 2000 juu ya Sierra Leone walieleza jinsi ndege zilivyosajiliwa Liberia bila serikali kujua hata ziko wapi. Ndege inaweza kumilikiwa na kampuni ya Ghuba, ikasajiliwa Afrika Magharibi, ikarushwa na marubani wa Ukraine na kufanya kazi Kongo. Likitokea jambo, kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole.

Kwa hiyo anayekodi hana budi kuwatambua watu watatu mbalimbali: mwenye ndege, mwendeshaji, na dalali. Mwendeshaji anapaswa kuwa na cheti kilichotolewa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yake; kwetu ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Mkataba uliosainiwa na dalali peke yake, bila jina la mwendeshaji wala namba ya ndege, ni sawa na kununua ng'ombe aliye ndani ya zizi la mtu mwingine usiku.

Kisha kuna malipo. Ndege kubwa mara nyingi hukodiwa pamoja na marubani wake, matengenezo na bima, na mkodi hulipa mafuta. Hukodiwa kwa safari, au kwa mwezi kwa ahadi ya idadi fulani ya saa. Tuseme shirika limeahidi saa 60 kwa mwezi, halafu mvua na kukosekana kwa vibali vikaifanya ndege iruke saa 25 tu. Saa 60 zitalipwa zote. Katika kifungu hicho kimoja sadaka ya parokia nyingi inaweza kuteketea bila mtu yeyote kuiba hata senti moja. Kinyume chake pia kipo: msimamizi anayeogopa kulipia saa zisizotumika huwasukuma marubani waliochoka waruke katika hali mbaya ya hewa. Tarehe 1 Septemba 2008 ndege iliyokuwa ikiwahudumia wafanyakazi wa misaada iligonga mlima karibu na Bukavu wakati wa hali mbaya ya hewa, na watu wote 17 waliokuwamo walikufa. Sisemi kwamba hao walisukumwa. Nasema kwamba milima ile haisamehe, na mkataba haupaswi kumfanya rubani aone hasara katika kusema "leo siruki".

Upo pia mlango wa nyuma ambao wengi hawaufikirii, nao ni safari ya kurudi. Ndege iliyopeleka unga hurudi tupu, na mwenye ndege haipendi ndege tupu. Mashariki ya Kongo ni nchi ya madini. Karibu na Walikale, mahali paitwapo Kilambo, ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya kipande cha barabara ya lami ili kuchukua mawe ya bati na kuyapeleka Goma, huku wenye silaha wakitoza kodi kwa kila gunia. Mkataba wa misaada usiposema wazi kwamba ndege hairuhusiwi kubeba mzigo wowote wakati wa kurudi bila idhini ya maandishi, basi umeacha mlango wazi na kumwomba mwizi awe na adabu.

Na hatimaye kifungu cha silaha. Mkataba mzuri humtaka mwendeshaji atamke kwa maandishi safari alizofanya katika miaka iliyotangulia, aahidi kutobeba silaha kwa mtu yeyote katika muda wote wa mkataba, na akubali kwamba akivunja ahadi mkataba unakufa papo hapo bila fidia. Wapo wanaosema kwamba masharti hayo yatafukuza ndege zote. Uchunguzi ule wa 2009 ulionyesha njia nyingine ya kuwabana. Wasafirishaji wa silaha mara nyingi ndio wenye ndege mbovu, na sheria za usalama wa anga huwapata hata pale sheria za silaha zinaposhindwa. Umoja wa Ulaya ulipotangaza Machi 2006 orodha yake ya kwanza ya kampuni zilizozuiwa kuruka kwenda Ulaya, sehemu kubwa ilikuwa ya kampuni za Kongo. Kuuliza hati ya ubora wa ndege ni jambo la amani pia.

Yafaa niongeze kwamba hali ya leo si ile ya 1994. Tangu mwaka 2004 Shirika la Chakula Duniani linaendesha huduma ya pamoja ya ndege kwa ajili ya mashirika ya misaada, yenye wakaguzi wake, hivi kwamba mashirika madogo hayalazimiki tena kumtafuta dalali usiku. Hayo ni maendeleo. Lakini huduma hiyo nayo hukodi ndege kwa watu binafsi, na pale fedha zinapopungua kila mmoja hurudi sokoni kutafuta bei nafuu.

Kibali cha kuruka

Mkataba ukiwa mzuri kiasi gani, ndege haiendi popote bila kibali cha serikali ambayo anga ni lake. Ndivyo Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unavyosema, na kifungu chake cha 35 kinakataza kupitisha zana za kivita juu ya nchi yoyote bila ruhusa ya nchi hiyo. Ni kanuni njema. Ila kibali nacho chaweza kugeuzwa silaha.

Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulifanya mapatano na serikali ya Sudan na waasi wa kusini, ili misaada ipite pande zote mbili. Mji mdogo wa Lokichoggio, kaskazini mwa Turkana, ukawa kituo kikubwa cha ndege za huruma. Magunia ya nafaka yaliyoshonwa ndani ya magunia mengine yaliangushwa bila parachuti kutoka ndege iliyoshuka chini sana, na wanakijiji, wengi wao wanawake, walikuwa wamekwisha kusafisha uwanja, kuwaondoa watoto na ng'ombe, na kungoja kuhesabu. Lakini chini ya mapatano yale kila kituo kilipaswa kuombewa idhini Khartoum. Mapema mwaka 1998, baada ya mapigano ya mji wa Wau, serikali ilisimamisha safari za ndege kwenda Bahr el Ghazal wakati watu walikuwa wamekimbilia porini. Zilipoanza tena kuruhusiwa kwa wingi, njaa ilikuwa imekwisha kutangulia. Ndege zilikuwapo, chakula kilikuwapo, mikataba ilikuwa imelipiwa. Kilichokosekana ni karatasi moja yenye muhuri.

Kwa hiyo tunapowaombea wenye njaa, tusiwasahau wenye mihuri. Nao ni watu wa imani mbalimbali wenye wake, waume na watoto, na wakati mwingine wanasikia sauti ya raia kuliko tunavyodhani.

Yanayotupasa hapa kwetu

Mtakumbuka ile filamu juu ya samaki na ndege za Mwanza iliyotolewa mwaka 2004, iliyodai kwamba ndege zilizokuja kuchukua minofu ya sangara zilikuwa zikileta silaha za vita vya jirani. Serikali iliikanusha, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani. Ubishi ule ulichukua muda mwingi, na kwa maoni yangu ulikwenda zaidi katika heshima ya nchi kuliko katika swali lenyewe, ambalo lingejibiwa kwa karatasi: ndege gani, namba gani, ilitoka wapi, ilitamka mzigo gani. Maswali ya karatasi hayamvunjii mtu heshima. Msafi huyajibu kwa dakika kumi.

Maswali ya namna hiyo ndiyo ninayowaomba kamati za parokia mjifunze kuuliza. Baadaye mwaka huu mtatuma tena mchango. Mwenyekiti na mweka hazina waandike barua fupi kwa idara inayopokea, kwa lugha ya heshima, kama watoto wa nyumba moja wanavyoulizana. Waulize kama mzigo wa mwaka jana ulikwenda kwa barabara, reli au ndege, na kama ni ndege, kwa nini. Waulize jina la mwendeshaji na herufi za ndege. Waulize kama mkataba una kifungu cha silaha, na ndege ilirudi na nini. Msishangae jibu la kwanza likiwa "hatujui, tulimwachia mshirika wetu". Ni jibu la kweli mara nyingi. Andikeni tena, mwombe mshirika huyo aulizwe.

Mtu atasema kwamba afisa wa misaada hana muda wa barua kutoka Shirimatunda wakati watoto wanakufa. Naheshimu hoja hiyo, maana haraka yake ni ya kweli. Lakini barua haiandikwi siku ya maafa. Huandikwa katika miezi ya utulivu, wakati mikataba ya mwaka unaokuja inapopangwa, na afisa mwenye barua kumi za namna hiyo katika jalada lake anapata nguvu ya kumwambia dalali: "Wanaonitumia fedha watauliza." Nakala ya kila barua ibaki katika faili la parokia, pamoja na stakabadhi ya mchango uliotumwa, ili kamati itakayofuata ijue swali liliishia wapi.